Kebini ya Watu Wanne

Mzee Josiah Ogari wa Itumbe ana swali moja ambalo amelitumia maisha yake yote. Ukimtajia bei ya kitu chochote, kiwe ng'ombe au kijiko, atakutazama kwa huruma, kisha atauliza, "Na mwisho?" Anauliza hivyo sokoni. Anauliza hivyo kwenye maduka makubwa ya Kisii ambako bei zimebandikwa kwenye rafu na msichana wa kulipia hana uwezo wa kupunguza hata senti. Na siku alipokuja ofisini kwangu kutafuta pasipoti, aliuliza hivyo kuhusu ada ya serikali.

"Tata, hiyo ni ya serikali," nikamwambia.

"Najua ni ya serikali. Ndio nauliza, mwisho ya serikali ni ngapi?"

Mimi ni Lavender. Ofisi yangu iko Nyamira mjini, chumba kimoja karibu na ofisi za kaunti, kompyuta mbili na mashine ya kuchapa ambayo husikia maneno makali tu. Nawafanyia watu shughuli zao za serikali kwenye mtandao, nakata tiketi za ndege na treni, na anayetaka kwenda mbali zaidi namtafutia njia. Subira sina nyingi. Wateja hunisema kwa hilo, nami huwaambia kuna ofisi nyingine mtaa wa pili ambako watapewa subira na tiketi yenye jina lililokosewa.

Watu wa Itumbe husema Mzee Ogari ana mkono wa birika. Wanamwonea kidogo. Amesomesha watoto wake wote, amejenga, na kanisani kwake, ambako ni mzee wa kanisa, hakuna harambee iliyowahi kumpita. Ni vile tu hawezi kulipa bei ya kwanza. Akiilipa hulala vibaya.

Mke wake ni Mama Gesare. Kwa Ekegusii mama ndiye huitwa "baba" na baba huitwa "tata", lakini hapa nitamwita Mama nisije nikawavuruga. Ni mwanamke mpole, mwembamba, anayeongea polepole. Walipooana, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, Mzee Ogari alimwahidi hanimuni ya baharini. Alikuwa kijana, mdomo ulikuwa mwepesi. Bonasi ya mwaka ule kutoka shamba lake la chai ikaenda kwenye mabati. Iliyofuata ikanunua ng'ombe. Kisha watoto wakaanza kuja, na watoto wana karo, na kila Mama Gesare alipouliza habari ya bahari, aliambiwa, "Tutaona." Mwishowe akaacha kuuliza. Bahari aliyokuwa nayo ni ile ya kwenye kalenda ya zamani jikoni kwake. Miezi aliichana yote akawashia moto, akabakiza picha.

Basi mwaka juzi kanisa liliwafanyia ibada ya shukrani kwa ndoa yao. Mchungaji, katika furaha yake, akampa Mama Gesare kipaza sauti na kumwuliza angependa mumewe amfanyie nini katika miaka iliyobaki. Nadhani alitarajia aseme maombi. Mama akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naomba tu ile bahari yangu," akasema.

Kanisa likaangua kicheko. Nilikuwepo, nami nilicheka. Lakini nilikuwa nimeketi upande ambao nilimwona Mzee Ogari vizuri, na yeye hakucheka. Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni pa ofisi yangu kabla sijafungua kufuli.

"Nasikia kuna meli," akaniambia, "inazungusha watu baharini. Unakula humo, unalala humo, inakurudisha. Nataka hiyo. Lakini nataka yenye bei iko chini."

Nikatafuta. Kulikuwa na meli ya kutoka Mombasa kwenda Unguja, kutoka huko hadi Shelisheli, na kurudi, safari ya wiki moja. Nilipomtajia bei, alivua kofia akaiweka juu ya meza yangu, na hapo nikajua kwamba siku yangu imekwisha.

Lazima niseme ukweli, kwa kazi ya kupunguza bei Mzee Ogari ana kipaji. Aliuliza ni wakati gani watu hawapendi kusafiri. Nikamwambia ni msimu wa mvua. "Meli inakaa ndani ya maji," akasema. "Mvua itaifanyia nini?" Tukachagua mvua. Kulikuwa na meli ya bei ya chini hata zaidi iliyokuwa ing'oe nanga Jumamosi mchana. Akaniuliza kama nahodha anaweza kungoja hadi jua litue Sabato iishe. Nikamwambia nahodha hangoji. Akaiacha bila kunung'unika, kwa maana kuna mambo ambayo hata yeye hayapigii bei. Nikamwuliza kama anataka malipo ya vinywaji yajumuishwe. Akaniuliza kama maji ya kunywa ni bure. Nikamwambia ni bure. Akanitazama tu.

"Na dirisha?" nikamwuliza. "Kuna kebini zenye dirisha la kuona bahari, na kuna zile za ndani zisizo nalo. Zisizo nalo ni nafuu."

"Bahari si iko nje?"

"Iko nje."

"Basi tutatoka nje tuione. Toa dirisha."

Kisha nikamweleza kwamba kuna bei ambayo ukighairi unarudishiwa pesa, na kuna bei isiyorudi, ambayo ni ya chini zaidi. Akasema yeye tangu azaliwe hajawahi kununua sukari akairudisha dukani. Tukachukua isiyorudi. Kila hatua alikuwa anashuka na bei, na kila hatua aliuliza, "Na mwisho?" Mimi nilikuwa nimeshachoka, nataka tu aende. Ndipo nikaona tangazo moja dogo chini ya ukurasa, na laiti ningefunga mdomo wangu.

"Tata, hapa kuna kebini ya watu wanne," nikasema. "Wawili wa kwanza wanalipa. Wa tatu na wa nne ni bure."

Akasogeza kiti. "Rudia."

"Wa tatu na wa nne ni bure. Watalipa tu kodi ya bandari, kitu kidogo."

"Na mwisho ya hiyo kodi?"

"Tata!"

"Sawa, sawa." Meno yote yalikuwa nje. "Kebini! Mimi na kebini tunajuana, mwanangu. Lori ya majani ikinipatia lifti kwenda kiwandani, mimi sikai nyuma na magunia. Nakaa kebini na dereva. Hata watu wanne wanatosha wakijibana."

Nilidhani anafanya mzaha. Nikacheka, naye akacheka, kila mmoja akichekea lake. Palepale akampigia simu binti yake Natasha, anayefanya kazi benki Kisii mjini, na kumtangazia kwamba yeye na mumewe Eric watapelekwa baharini na wazazi. Nilisikia Natasha akipiga kelele za furaha hadi Mzee akaiondoa simu sikioni. Alipotoka ofisini alikuwa anatembea kama mtu aliyeibia serikali bila kuvunja sheria.

Ikapita miezi. Pasipoti zikatoka, na Mzee Ogari akaja na Mama Gesare kuchukua tiketi. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Mle ofisini alikuwemo Mzee Angwenyi, rafiki yao wa zamani kutoka Manga, ambaye alikuwa anangoja nimshughulikie mambo ya shamba lake. Mimi, kwa vile siku hiyo moyo wangu ulikuwa mweupe, nilikuwa nimewachapia na picha ya kebini yao, ya rangi, bila malipo. Nikampa Mama.

Akavaa miwani. Akaiangalia ile picha. Kulikuwa na vitanda viwili vyembamba chini, kimoja kila upande, na vingine viwili juu yake vilivyoning'inia ukutani, na kingazi kidogo cha kupandia. Vitanda vyote vilikuwa vimetandikwa shuka nyeupe.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni kebini yenu, Mama."

"Hii ni chumba ya kulala."

"Ndiyo. Ya watu wanne."

"Wanne gani?"

Nikamgeukia Mzee Ogari. Uso wake ulikuwa unabadilika polepole.

"Kebini," akaniambia kwa sauti ya chini, "si ni ile ya mbele? Na dereva?"

Kama wewe si wa huku kwetu, huenda huoni shida iko wapi, kwa hiyo ngoja nikueleze mara moja. Kwa Abagusii, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasalimiani kwa mkono. Hawalali nyumba moja. Habari ya kitanda haitajwi baina yao, iwe kwa neno au kwa ishara. Baba mkwe naye hawezi kuongea na mkwe wake mambo ya malazi. Heshima hiyo inaitwa chinsoni, na haijali umebatizwa mara ngapi wala una digrii ngapi. Eric akienda Itumbe, humsalimia Mama Gesare akiwa mlangoni, macho yake yakiwa kwenye mparachichi, hunywa chai, na huondoka kabla ya giza hata kama mvua ya mawe inanyesha. Na sasa Mzee Ogari, kwa kupenda cha bure, alikuwa amemtafutia Eric kitanda juu ya kichwa cha mama mkwe wake, na kingazi cha kupandia.

Mama Gesare aliiweka picha mezani kifudifudi.

Mzee Ogari si mtu wa kukubali kushindwa mapema. "Gesare, tusikimbie," akasema. "Meli ni gari. Ni gari ya maji. Tulipoenda Nairobi kuona Natasha akivalishwa joho, si tulipanda basi moja ya usiku na Eric? Wewe ulilala, yeye akalala, mimi nikalala. Kuna mtu alisema kitu?"

"Basi haina shuka," Mama Gesare akasema.

Nilitazama mashine yangu ya kuchapa nisije nikacheka.

Mzee Angwenyi, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasafisha koo. "Hiyo meli iko na magurudumu?" akaniuliza.

"Haina."

"Jikoni iko?"

"Ziko nyingi."

"Na vyumba kama hii picha ni vingi?"

"Mamia."

Akafikiri. Nadhani hakuwa amefurahia kesi hivyo tangu ile ya mpaka wa shamba la shemeji yake. "Basi si gari," akasema. "Na si nyumba pia. Kitu iko na jikoni nyingi na vyumba nyingi, hiyo ni boma. Omoko, huyo mkwe, anaweza kulala kwa boma ya watu, hakuna shida. Lakini kila kebini ni nyumba yake. Na kwa nyumba moja, yaya, hapana. Haiwezekani."

"Kebini nyingine ni ngapi?" Mzee Ogari akaniuliza. Nikamtajia. Akakaa chini.

"Si mwaache tu hao wawili nyumbani?" nikasema, maana mimi huona vitu kwa wepesi. "Nendeni nyinyi wenyewe."

Wote watatu wakanitazama kama mtoto aliyetukana mezani. Kwanza, mkwe ukishamwalika kwa mdomo wako huwezi kumwambia asije; hiyo ni aibu ya kupita kabila. Pili, angetaka kujua sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na kitanda ndani yake, kwa hiyo haikuwa na njia ya kusemwa. Tatu ni jambo ambalo Mzee hakulitamka lakini nililiona usoni pake waziwazi: vile vitanda vilikuwa vya bure. Na nilipomwambia kwamba kampuni ya meli hutoza ada kwa kila jina linaloondolewa, alinyanyuka akavaa kofia.

"Tutaona," akasema.

Mama Gesare alilisikia lile neno. Nilimwona akilisikia. Akakunja ile picha ndogondogo, akaitia kwenye mkoba, wakaondoka.

Siku chache baadaye, saa ya chakula cha mchana, mwanamume mmoja akaingia amejishushia kofia hadi kwenye nyusi. Alikuwa Eric mwenyewe. Eric ana duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini, mwili wa kubeba saruji na moyo wa kuku.

"Sista," akanong'ona, "pasipoti inaweza kuharibika?"

"Kuharibika vipi?"

"Vile tu. Ikatae. Waseme mimi ni mrefu sana." Akafuta jasho. "Natasha amenionyesha hiyo kebini kwa simu. Tangu siku hiyo silali. Nitapanda aje hicho kingazi na mathe ako hapo chini? Nikikoroma je? Na Natasha ameninunulia kaptura ya kuogelea, ina picha ya mananasi. Mananasi, sista! Mzee aone mapaja yangu?"

"Mwambie hutaki kwenda."

"Nimwambie nini? Nianze, 'Tata, kuhusu kitanda'? Afadhali nimeze msumari." Akatazama mlangoni. "Tafadhali usimwambie nilikuja."

Nikaapa. Akaondoka akiwa amenunua kalamu mbili ambazo hakuzihitaji, ili apate sababu ya kuwa amekuja. Nilibaki na hasira. Watu wote hawa walikuwa wanataka kitu kimoja, wasilale chumba kimoja, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, kwa sababu ya heshima. Ningeweza kumaliza jambo lenyewe kwa simu mbili, lakini nilikuwa nimeapa, na zaidi ya hapo, kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilitaka alimalize mwenyewe.

Kisha akaja Mama Gesare, peke yake. Aliketi kwenye ukingo wa kiti na mkoba wake magotini.

"Ondoa jina yangu," akasema.

"Mama?"

"Waende watatu. Mzee, Natasha na bwana yake. Nikitoka mimi, hakuna shida ya kulala. Natasha ni mtoto wake, na wale wawili ni wanaume, watajua vile watajipanga. Ile siku ya kanisa nilikuwa nafanya tu mchezo." Akatabasamu. "Bahari haiendi mahali."

Mimi nilikuwa nimeuona ule mchezo. Anayefanya mchezo hashiki kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikamwangalia, mama wa watu, magoti yake yanauma akipanda ngazi mbili za ofisi yangu, ananiambia bahari haiendi mahali. Nikamwambia nitashughulikia. Alipotoka tu, nikampigia Mzee Ogari.

"Njoo sasa hivi," nikamwambia. "Usiulize mwisho. Njoo."

Alifika na viatu vya mvua vyenye matope ya shambani. Sikumkaribisha kiti.

"Tata, Mama amejiondoa. Pesa yake hairudi. Wewe ndiye uliyechagua isiyorudi. Kwa hiyo utakwenda na watu wawili wa bure, na pale chini kutakuwa na kitanda ambacho umekilipia bei kamili na hakina mtu. Na huyo asiyekuwepo ndiye uliyemwahidi."

Nilidhani atanigombeza. Mimi ni mtoto kwake. Badala yake akaketi mwenyewe.

"Amesema nini? Sema vile alisema."

"Amesema alikuwa anafanya mchezo. Amesema bahari haiendi mahali."

Akainamisha kichwa. Matope yalikuwa yanadondoka sakafuni, nami nikayaacha.

"Haikuwa mchezo," akasema. "Nilikuwa namwangalia."

"Najua, Tata."

"Nikiondoa wale wa bure, nalipa?"

"Unalipa. Kwa kila jina."

"Nilipe pesa ndio nipoteze kitu ya bure." Alitikisa kichwa polepole. "Hiyo hata shetani mwenyewe hajawahi kufikiria."

Hata hivyo akatoa simu. Anabonyeza kwa kidole kimoja, kile cha kuchumia chai, na kila tarakimu huiangalia kwanza. Nikamtajia ada. Nikangoja aulize. Akabonyeza, akalipa.

"Na dirisha?" akasema.

"Dirisha gani?"

"Ile ya kuona bahari. Ni ngapi?"

Nikaangalia. Zilizobaki zilikuwa za vitanda vinne vilevile, na bei ilikuwa imepanda. Nikamtajia, nikajiandaa, maana kwa Mzee Ogari nilikuwa na majibu yangu tayari kama mtu anayengoja kurushiwa mpira. Swali halikuja. Akaipangusa simu kwenye suruali na kuanza kubonyeza tena. Nilishtuka hadi nikajikuta mimi ndiye ninayesema, "Ngoja, Tata, ngoja kwanza niangalie kama kuna punguzo mahali."

"Wachana na punguzo," akasema.

Lilibaki jambo la Eric. Mzee akaniomba nimpigie mimi, na kwa kuwa hakutakiwa kusikia yatakayosemwa, akatoka akasimama barazani na kuutazama mtaa kwa bidii. Nikampigia Eric. Nikamwambia kwa maneno ya adabu kwamba mpango umebadilika na kwamba yeye na Natasha hawatasafiri.

"Bwana asifiwe!" Eric akapaza sauti hadi simu ikatetemeka. "Bwana asifiwe milele!"

Mzee akachungulia kutoka barazani. "Amekasirika?"

"Hapana, Tata. Amepokea vizuri."

"Nimesikia vile amepokea," akasema, na nadhani alikuwa ameumia kidogo. Natasha ndiye aliyenuna. Hakunisalimia kwa muda mrefu, na kaptura ya mananasi ilirudishwa dukani.

Wakasafiri, wawili tu, katika mvua. Waliporudi, Mama Gesare alikuja ofisini kunishukuru. Alinipa sabuni ndogo mbili zenye jina la meli. Mzee, akasema, alikusanya sabuni kila asubuhi, na wahudumu wakaweka nyingine, naye akakusanya tena, hadi sasa Itumbe nzima inanukia kama Shelisheli.

Nikamwuliza bahari ikoje. Akajaribu kwa mikono.

"Haina ng'ambo," akasema hatimaye. "Hapa kwetu ukiangalia upande yoyote kuna mlima, na juu ya mlima kuna boma ya mtu. Ile haina. Nilikuwa naamka asubuhi naketi tu hapo kwa dirisha. Mzee ananiambia twende tukakule, chakula imelipiwa. Namwambia ngoja kidogo." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyaficha. "Miaka yote ile nilikuwa nafikiria ile ya kalenda ni yote."

Nami nikajipangusa macho yangu. Halafu, ili tusilie wote wawili mbele ya wateja, nikamwuliza kama Mzee alipumzika.

"Atapumzika aje?" Akaanza kucheka. "Vile vitanda vingine vilimsumbua. Alisema amevilipia mara mbili, haziwezi kukaa bure. Siku ya kwanza akapanda akalala juu huku. Siku ya pili akalala juu kule, akagonga kichwa. Ya tatu akashuka kwa ile ya chini, upande ule mwingine. Kila asubuhi anasema, sasa hiyo nimeitumia."

Nilicheka hadi mashine ya kuchapa ikaanza yenyewe. "Na siku ya nne?" nikauliza bila kufikiri.

"Ya nne vilikuwa vimeisha," akasema. Alikuwa anacheka amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yanatetemeka kama ya msichana. "Ilikuwa imebaki tu yangu. Akasimama hapo na ile nguo yake ya kulala, anaangalia chini, akaniuliza, 'Gesare, na hiyo...'"

Akanitazama, mimi niliye rika la binti yake, niliyesoma naye darasa moja, na mkono wake ukabaki mdomoni.

"Nyasae wangu," akamwita Mungu.

Akachukua mkoba, akasimama, akapita kati ya wateja bila kumtazama mtu. Alipofika mlangoni akasimama, uso wake ukiwa umeelekea barabarani.

"Lavender, hiyo ya mwisho hukusikia."

"Sikusikia nini, Mama?"

"Vizuri," akasema, na akashuka zile ngazi mbili bila kulalamikia magoti.